Vijiraba vya buluu vya Arizona: idara ya ardhi inafanyia nini GIS?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma jiomatiki, mwaka wa pili. Kwenye zoezi moja tulipewa ramani ya umiliki wa ardhi katika jimbo la Arizona, Marekani. Nimeona vijiraba vya buluu vimetapakaa jimbo zima, vingine kimoja kimoja katikati ya ardhi ya watu, nikaambiwa hiyo ni ardhi ya Idara ya Ardhi ya Jimbo. Ninachotaka kuelewa ni hiki: idara kama ile inaitumiaje GIS, yaani mfumo wa kompyuta wa taarifa za kijiografia, katika kazi zake za kila siku, ukiacha kuchora ramani? Na je, mpaka unaoonekana kwenye kompyuta ndio mpaka wenyewe?

Jibu: Marahaba, kijana. Swali lako la pili ndilo lililonikalisha chini nikuandikie kirefu, lakini siwezi kulifikia kabla ya la kwanza, na la kwanza halijibiki mpaka tujue hivyo vijiraba vimetoka wapi.

Mwaka 1785, Marekani ikiwa bado changa na madeni ya vita yakiielemea, bunge lake lilitunga sheria ya kupima ardhi ya magharibi kabla ya kuiuza. Ardhi ikatwe miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba uitwe taunishipu. Kila taunishipu igawanywe vipande 36 vya maili moja ya mraba, ekari 640 kila kimoja, ambavyo baadaye viliitwa seksheni. Kipande namba 16 kiachwe kwa ajili ya shule. Wapimaji wakaingia porini na mnyororo wa Gunter, wenye urefu wa futi 66. Minyororo 80 ni maili moja, na minyororo 10 ya mraba ni ekari moja, bila kuzidi wala kupungua. Aliyeubuni aliwaonea huruma watu watakaopiga hesabu kwa kichwa juani.

Namba za seksheni zinakwenda kama maksai wanavyolima. Namba 1 iko kona ya kaskazini-mashariki, unaelekea magharibi mpaka 6, unashuka mstari, 7 inakaa chini ya 6 na kurudi mashariki, hivyo hivyo mpaka 36 kwenye kona ya kusini-mashariki. Chora mchoro huo kwenye karatasi sasa hivi na uuweke karibu. Tutaurudia.

Arizona iliingia katika hadithi hii kwa kuchelewa, na kuchelewa kukaifaa. Sheria ya mwaka 1910 iliyoiruhusu pamoja na New Mexico kuwa majimbo iliwapa seksheni 4 katika kila taunishipu badala ya moja: namba 2, 16, 32 na 36. Arizona ikawa jimbo tarehe 14 Februari 1912, na Idara ya Ardhi ya Jimbo ikaundwa mwaka 1915 kuitunza mali hiyo. Leo idara inasimamia takriban ekari milioni 9.2, kama asilimia 13 ya jimbo lote. Neno la kushika hapa ni amana. Ardhi ile haikutolewa iwe bustani ya watu kutembea. Ilikabidhiwa jimbo ili ilete fedha kwa wanufaika waliotajwa kisheria, na mnufaika mkubwa kupita wote ni shule za umma. Idara inaibeba kama mlezi anavyobeba mali ya yatima: akiuza kwa bei ya kutupa, atashtakiwa.

Ndiyo maana unaona kijiraba kimoja cha buluu katikati ya ardhi nyeupe ya watu binafsi. Hiyo ni seksheni ya shule iliyobaki ilipo huku majirani zake wakiuzwa. Mabonge makubwa ya buluu nayo yana sababu yake. Pale ambapo seksheni za shule zilikuwa tayari zimo ndani ya hifadhi za wenyeji asilia, misitu ya taifa au mashamba ya walowezi, jimbo liliruhusiwa kuchagua ardhi nyingine kama fidia, likachagua kwa mafungu. Na kule kaskazini, njia ya reli ilikopita, kampuni ya reli ilipewa seksheni za namba witiri, ndiyo maana ramani inaonekana kama ubao wa drafti.

Sasa jiweke kwenye kiti cha karani wa idara hiyo. Una maelfu ya vipande vilivyotawanyika kwenye jangwa, milima na pembezoni mwa miji. Juu ya kipande kimoja mtu amekodi malisho, mwingine ana haki ya kupitisha bomba, wa tatu anachimba kokoto, na wa nne ameleta barua anataka kununua robo ya kusini. Kila jambo lina jalada lake, kila jalada lina tarehe yake ya kuisha. Zamani kazi ya kuyaunganisha ilifanywa na mzee mmoja mwenye kumbukumbu nzuri, akistaafu ofisi inabaki yatima. Mtu akikwambia GIS ni chombo cha kuchorea ramani, hajawahi kukaa kwenye kiti hicho. Pale GIS ni daftari. Ramani ni njia tu ya kulifungua daftari kwenye ukurasa unaoutaka.

Si bahati mbaya. Mfumo wa kwanza mkubwa wa GIS, ule ulioongozwa na Roger Tomlinson nchini Kanada miaka ya 1960, ulijengwa kwa kazi ya aina hii hii, kuorodhesha ardhi na matumizi yake kwenye nchi pana ambayo karatasi zilishindwa kuibeba.

Daftari linaanza na maneno, na hapa ndipo vijana wengi hushangaa. Mikataba ya zamani haina kodineti (namba zinazotaja mahali) hata moja. Ina sentensi. Mfano: robo ya kaskazini-mashariki ya robo ya kusini-magharibi ya seksheni 16, taunishipu ya 5 kaskazini, safu ya 3 mashariki. Sentensi hiyo husomwa kutoka nyuma. Kwanza unatafuta taunishipu, kwa kuhesabu taunishipu 5 kwenda kaskazini na 3 kwenda mashariki (hizo ndizo safu) kutoka nukta ya mwanzo, ambayo kwa Arizona iko magharibi ya Phoenix, karibu na makutano ya mito Gila na Salt. (Ukifika Phoenix utakuta barabara iitwayo Baseline Road. Imefuata mstari wa msingi wa upimaji huo, na maelfu ya madereva wanaupita kila siku bila kujua wanakanyaga nini.) Kisha unaingia seksheni 16, unaikata robo, unachukua ile ya kusini-magharibi yenye ekari 160, unaikata tena robo, unabaki na ekari 40. Fundi wa GIS anachofanya ni kuigeuza sentensi hiyo kuwa poligoni, yaani umbo lililofungwa kwenye ramani, na kuipa poligoni hiyo namba ileile ya jalada la mkataba. Kazi hiyo ya kufunga poligoni na jalada ndiyo inayokula miaka. Programu unaweza kuinunua leo. Kiunganishi kati ya umbo na jalada hakiuzwi dukani, kinajengwa kwa kusoma karatasi moja baada ya nyingine, pamoja na zile ambazo karani alikosea kuandika magharibi badala ya mashariki.

Kikishajengwa, ndipo maswali ya ofisi yanaanza kujibika kwa dakika. Nani anakodi nini ndani ya maili 2 kutoka barabara hii? Mikataba gani itaisha kabla ya mwisho wa mwaka katika kaunti ile? Mwombaji huyu wa njia ya umeme atavuka seksheni zetu ngapi?

Tukae na hilo la mwisho, maana lina fedha ndani yake. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Lassen dhidi ya Idara ya Barabara Kuu ya Arizona. Lassen alikuwa Kamishna wa Ardhi wa jimbo. Hoja ilikuwa hivi: jimbo likijenga barabara juu ya ardhi ya amana, je, lazima lijilipe lenyewe? Idara ya barabara ilizoea kupita bure, kwa hoja kwamba barabara inaipandisha thamani ardhi iliyobaki. Mahakama ikasema hapana, amana ilipwe thamani kamili ya kinachochukuliwa. Tangu hapo hakuna kupita bure, na kulipa kunataka ekari.

Tuseme kampuni ya umeme inaomba ukanda wa futi 100 kwa upana, unaokata seksheni moja kutoka mashariki kwenda magharibi. Maili moja ni futi 5,280. Zidisha kwa 100 upate futi za mraba 528,000, gawanya kwa 43,560, ambazo ndizo futi za mraba za ekari moja: ekari 12.12. Mhandisi akibadili mawazo, nguzo zikate seksheni ileile kwa mshazari kona hadi kona, urefu unakuwa futi 7,467 hivi, na ukanda unafika takriban ekari 17. Katika GIS hili ni jambo la kuchora mstari wa katikati, kuuwekea bufa (ukanda wa pembeni) ya futi 50 kila upande, kisha kuipasua bufa hiyo kwa mipaka ya seksheni ili kila kipande kihesabiwe peke yake. Usiishie hapo. Uipasue pia kwa mipaka ya mikataba iliyopo, maana mwenye malisho naye ana haki ya kujua ni ekari ngapi zinakatwa kwenye eneo lake, na kama kuna bomba la zamani lililokwisha kupewa njia palepale. Fundi mzuri anamletea kamishna majedwali mawili: ekari kwa seksheni, na ekari kwa kila mwenye haki. Mengine ni ya wathamini na wanasheria.

Malisho ndiyo yanayofunika eneo kubwa kuliko matumizi mengine yote, na ndiyo yanayodharauliwa na watu wa kompyuta. Ada ya malisho haifuati ekari tupu, inafuata ng'ombe wangapi eneo linaweza kuwalisha kwa miezi mingapi. Ekari 640 za jangwani zilizo tambarare na zenye birika la maji si sawa na ekari 640 za mteremko mkali zilizo mbali na maji. Ng'ombe ni mvivu kama binadamu, hapandi mlima kufuata majani makavu ikiwa birika liko bondeni. Kwa hiyo mtaalamu wa malisho anachukua modeli ya mwinuko (data za urefu wa ardhi kila mahali), anapunguza uwezo wa miteremko mikali, anaweka duara la umbali kuzunguka kila birika na kisima, halafu analaza juu yake ramani ya udongo na aina za uoto. Kinachobaki ndicho malisho yanayolika kweli. Usiyaamini matokeo hayo mpaka mtu amekwenda na gari akaona. Birika lililoko kwenye tabaka lako (ramani ya jambo moja inayolazwa juu ya nyingine) linaweza kuwa lilikauka zamani na hakuna aliyelifuta.

Picha za setilaiti nazo zina kazi mbili ambazo wanafunzi huzichanganya. Ya kwanza ni ya upelelezi. Mkulima aliyepakana na seksheni ya shule anapanua duara lake la umwagiliaji, gurudumu la bomba linalozunguka likimwagilia linavuka mpaka kwa mita 80, na msimu unaofuata kuna majani mabichi juu ya ardhi ya amana ambayo hakuna anayeilipia. Mfululizo wa setilaiti za Landsat unapiga picha dunia tangu 1972, na tangu 2008 kumbukumbu yake yote ni ya bure. Pikseli yake ya mita 30 inatosha kuonyesha duara lilianza kuvuka mwaka gani. Haitoshi kuthibitisha limevuka mita ngapi, kwa hilo unahitaji picha ya ndege, na ukifika mahakamani unahitaji mpimaji.

Kazi ya pili ni maji. Arizona ni kavu, na thamani ya ardhi nyingi iko chini yake kuliko juu. Huenda ulisikia habari za Butler Valley, magharibi ya jimbo, ambako kampuni ya Fondomonte ilikuwa imekodi ardhi ya amana na kulima alfalfa, majani ya kulishia mifugo. Mwezi Oktoba 2023 Gavana Katie Hobbs alitangaza kuufuta mkataba mmoja na kutohuisha mingine mitatu. Siingii kwenye siasa yake. Ninachotaka uone ni kwamba swali la maji kiasi gani yanatumika shambani linajibika kwa sehemu kutoka angani: shamba linalonyweshwa huwa na baridi kuliko jangwa linalolizunguka, na setilaiti yenye kipima joto inaisoma tofauti hiyo, kisha modeli inakadiria maji yaliyopaa hewani. Weka makadirio hayo juu ya poligoni za mikataba na idara inajua nani ananywesha kiasi gani, hata pale ambapo hakuna mita kisimani.

Uuzaji una taratibu zake. Sheria ile ya 1910 inataka ardhi iuzwe kwa mnada wa hadhara, si chini ya thamani iliyokadiriwa, baada ya kutangazwa kwa wiki 10 mfululizo. Kwa hiyo idara haiwezi kuchukua simu na kumuuzia rafiki. Mwezi Desemba 2020 kampuni ya TSMC ya Taiwan ilinunua kwenye mnada zaidi ya ekari 1,100 za ardhi ya amana kaskazini mwa Phoenix kwa dola milioni 89, ili ijenge kiwanda cha chipu. Kabla ya nyundo ya mnada kugonga meza, ardhi ya namna hiyo inapitia mikono mingi ya GIS: korongo za mafuriko ziko wapi, barabara kuu iko umbali gani, maji na majitaka yatapita wapi, kuna mabaki ya kale chini ya mchanga, ni ekari ngapi zinazojengeka ukitoa hayo yote. Mthamini anayepewa ekari 1,100 tupu na yule anayepewa ekari zinazojengeka wataleta bei tofauti, na tofauti hiyo ni madarasa.

Nitapita haraka kwenye mambo mawili. La kwanza, ardhi ina juu na chini, na wenyewe wanaweza kuwa tofauti. Jirani New Mexico, ofisi ya ardhi ya jimbo inasimamia takriban ekari milioni 9 za juu lakini ekari milioni 13 za madini chini. Kwa hiyo tabaka la umiliki lazima liwe mawili, na anayesahau hilo atampa mchimbaji kibali kwenye ardhi isiyo yake. La pili, sehemu ya daftari hufunguliwa kwa umma. Arizona ina tovuti ya data za kijiografia iitwayo AZGEO, na mtu anayetaka kutembea au kupiga kambi kwenye ardhi ya amana anatakiwa kuwa na kibali, hivyo ramani inamwambia anakanyaga wapi. Si kila tabaka linatoka nje. Mahali yalipo mabaki ya kale hapaonyeshwi, maana wezi wa vyungu vya kale nao wanajua kusoma kodineti.

Sasa swali lako la pili.

Hapana. Mpaka wa kwenye kompyuta si mpaka. Ni taarifa kuhusu mahali ambapo mpaka unadhaniwa uko, na ubora wake unategemea mtu aliyeileta.

Rudi kwenye karatasi yako. Seksheni 16 iko mstari wa tatu kutoka juu, ya tatu kutoka magharibi. Kona yake ya kusini-mashariki ni wapi? Ni kitovu cha taunishipu nzima, maili 3 kutoka kila upande. Mpimaji wa karne ya 19 aliyefika pale na kupata jiwe alilichonga mikato, mitatu kwenye ukingo wa kusini na mitatu kwenye ukingo wa mashariki, kuonyesha maili zilizobaki kufika mipaka ya taunishipu. Akalisimika, akaandika kwenye daftari lake, akaendelea. Labda mnyororo wake ulikuwa umelegea. Labda dira ilivutwa na mwamba wenye chuma. Jiwe likakaa futi 70 kutoka mahali ambapo hesabu ingeliweka. Nani yuko sahihi, jiwe au hesabu?

Jiwe. Sheria ya Februari 1805 ilisema kona zilizowekwa na wapimaji wa serikali ndizo kona halali, na haijabadilika tangu hapo. Watu walinunua ardhi kwa kuliangalia jiwe, wakajenga uzio kufuata jiwe. Mpimaji wa leo mwenye GPS ya sentimita 2 kazi yake si kulisahihisha jiwe. Kazi yake ni kulitafuta, na akilipata asome mikato, apime kodineti zake, aziingize kwenye mfumo. Mstari mzuri ulionyooka kwenye kioo cha kompyuta yako ndio unaopaswa kupinda kulifuata.

Kuna jambo jingine. Dunia ni mviringo na mistari inayoelekea kaskazini hukaribiana, kwa hiyo miraba 36 sawasawa haiwezi kuenea. Waliotunga mfumo walijua, wakaamuru upungufu na ziada zote zisukumwe kwenye safu ya kaskazini na safu ya magharibi ya kila taunishipu. Angalia tena mchoro. Katika seksheni 4 za shule za Arizona, namba 16 iko ndani salama. Namba 2 iko safu ya kaskazini, inapokea kasoro za wote. Ndiyo maana upande wake wa juu hukatwa loti zenye ekari za ajabu kama 38.74 au 41.20, badala ya 40. Mtu akichora gridi safi ya maili moja moja kwenye GIS na kuiita mipaka, seksheni 2 ndiyo ya kwanza kumuumbua.

Halafu kuna datumu, yaani msingi wa vipimo vya dunia ambao kodineti huhesabiwa juu yake, na hapa nina kovu langu mwenyewe. Niliwahi kufanya kazi katika ofisi moja ambako tabaka la mipaka lilijengwa juu ya datumu ya mwaka 1927 na tabaka la visima juu ya datumu ya mwaka 1983, na faili la visima lilikuwa limepoteza maelezo yake njiani. Programu haikulalamika. Kodineti zikisomwa kwa datumu isiyo yake, huko magharibi ya Marekani nukta inahama makumi ya mita. Nikatoa orodha ya visima vilivyomo ndani ya ardhi yetu bila mkataba, nikajisifu, barua mbili za madai zikachapwa. Mzee mmoja wa masijala akaitazama orodha akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini visima vyote vyenye makosa vimevuka uzio kuelekea upande mmoja. Nilikaa kimya. Watu hawaibi ardhi wote kuelekea upande mmoja. Barua zilichanwa kabla ya kupelekwa posta, na tangu siku hiyo nikiona makosa yanayofuata mwelekeo mmoja, siwafikirii watu kwanza, nafikiria datumu.

Futi nazo ni mtego. Arizona hutumia kodineti za kanda 3, mashariki, kati na magharibi, kwa futi ya kimataifa, ambayo ni mita 0.3048 kamili. Majimbo mengi ya Marekani yalitumia futi ya wapimaji, ambayo ni ndefu kidogo, sehemu 2 kwa milioni, mpaka ilipoondolewa rasmi mwisho wa mwaka 2022. Utasema sehemu 2 kwa milioni ni nini. Mstari wa katikati wa kila kanda ya Arizona umepewa thamani ya futi 700,000. Soma namba hiyo kwa futi isiyo yake na umehama futi 1.4, kama sentimita 43. Kwa ng'ombe haidhuru. Kwa ukuta wa ghorofa uliojengwa kugusa mpaka, hiyo ni kesi.

Kwa hiyo idara iliyokomaa haihifadhi mpaka peke yake. Kila kona kwenye mfumo inabeba maelezo yake: ilipimwa lini, kwa chombo gani, au ilikadiriwa tu kutoka ramani ya karatasi, na inaweza kukosea kwa kiasi gani. Kona mbili za kijiraba kimoja zinaweza kuwa moja ya sentimita 3 na nyingine ya mita 12, na kwenye kioo zinafanana kama mapacha. Karani anayejibu swali la malisho anaweza kuendelea na ile ya mita 12. Anayeandaa mnada wa ardhi ya mjini lazima asimame, amwite mpimaji, alipie siku zake porini.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako, pakua seksheni za taunishipu yoyote ya Arizona, kokotoa ekari za seksheni 16 na seksheni 2, kisha uzilinganishe na ekari zilizoandikwa kwenye ramani ya upimaji wa asili. Zinachapishwa mtandaoni zikiwa zimeskaniwa, pamoja na mwandiko wa wapimaji wenyewe. Tofauti ikiwa kubwa, niandikie, lakini anza kwa kuniambia umetumia datumu ipi na futi ipi.